Pankeki Nene na Kiburi cha Oveni

Kuna hukumu inayopita jikoni bila kupingwa: kwamba pankeki nene inayopikwa ndani ya sufuria la umeme la wali ni mzaha. Wanaoitoa si watu wasiojua kitu. Wengi wao hupika vizuri, na mtu akiwasikiliza atadhani neno limeisha. Pankeki ina chombo chake, wanasema, nacho ni kikaango. Keki ina oveni. Sufuria la wali ni la wali. Anayemimina humo rojo la unga, maziwa na mayai, akabonyeza swichi na kungoja donge lenye kimo cha ngumi, anatafuta picha ya kupiga, hatafuti chakula. Wakali zaidi huongeza kwamba kinachotoka humo si pankeki wala keki, ni uji ulioganda. Nashikilia kinyume cha hayo. Katika vyombo vyote vya jiko la kawaida la nyumbani, sufuria la umeme la wali ndilo linalofaa zaidi kwa pankeki ya kimo hicho, na linafaa kwa sababu zilezile zinazolifanya lipike wali vizuri. Anayelicheka anapima chombo kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, wakati kinachopika chakula ni joto na njia linayopita.

Tuanze na kikaango, kwa kuwa ndicho kinachotetewa. Pankeki ya kawaida ina unene wa sentimita moja, au pungufu. Inawekwa juu ya chuma chenye nyuzijoto 180 au 190 za sentigredi, upande wa chini unakamata rangi kwa dakika mbili, viputo vinapasuka juu, inageuzwa, dakika nyingine moja, basi. Kikaango hupeleka joto upande mmoja tu, tena kwa pupa, na pankeki nyembamba inakivumilia kwa kuwa joto halina safari ndefu. Ukiongeza unene, mambo yanaharibika upesi kuliko watu wanavyodhani. Muda ambao joto linahitaji kupenya hadi katikati hukua kwa mraba wa unene: unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne, ukiongezeka mara nane, muda unaongezeka mara 64. Kwa hesabu hiyo pankeki ya sentimita 8 ingekaa juu ya kikaango zaidi ya saa tatu, na chini yake ingekuwa mkaa zamani. Ndiyo maana mikahawa ya Japani inayouza pankeki za kuumuka, zile zenye ute wa mayai uliopigwa hadi ukasimama, huzipika ndani ya pete kwa moto mdogo, hunyunyiza maji kidogo pembeni, kisha hufunika. Maji na mfuniko. Hata mabingwa wa kikaango, wanapotaka kimo, huacha kukitumia kama kikaango na kukigeuza kuwa chungu cha mvuke, halafu mashabiki wao wanatuambia mvuke si njia ya kupikia pankeki.

Kilichomo ndani ya pankeki hakihitaji nyuzi 180 hata kidogo. Wanga wa ngano huanza kufura na kushikana karibu na nyuzi 60. Protini za yai huanza kuganda papo hapo na kumaliza kazi yao kabla ya maji kuchemka. Baking poda nayo, ikishapata moto, hutoa gesi yake iliyobaki. Maadamu rojo lina maji, katikati yake haiwezi kuvuka nyuzi 100, uiweke katika oveni ya nyuzi 180 au ya 220. Keki iliyoiva sawasawa ikipimwa katikati haizidi nyuzi 95 na kitu. Oveni huwashwa kwa moto mkubwa kwa sababu mbili: kupata rangi juu, na kufidia uvivu wa hewa kavu, ambayo ni mchukuzi hafifu wa joto. Gramu moja ya hewa ikipoa kutoka nyuzi 180 hadi 100 inaacha jouli 80 hivi. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji juu ya uso wa rojo inaacha jouli 2,260, karibu mara 28. Ndani ya sufuria lililofungwa, unyevu wa tabaka la chini unageuka mvuke, unapanda kupitia vitundu vya rojo linaloumuka, unafika mahali penye ubaridi, unarudi kuwa maji na kuacha mzigo wake hapo. Kwa hiyo joto halisukumwi kidogo kidogo kutoka chini kama linavyosukumwa katika kikaango; linabebwa. Hesabu ya saa tatu inavunjika, na pankeki ya sentimita 8 inaiva kwa saa moja hivi.

Sasa tukikague chombo chenyewe, maana wanaokicheka wengi hawajawahi kukitazama kwa ndani. Toa sufuria la ndani katika lile la bei nafuu, lenye swichi moja, utaona sahani ya chuma iliyofichwa waya wa joto, na katikati yake kitufe cha duara kinachobonyea kwa springi. Kitufe hicho kimebeba sumaku. Unapobonyeza swichi, sumaku inashika na umeme unapita. Maadamu kuna maji sufuriani, chini hakupandi zaidi ya nyuzi 100. Maji yakikauka joto linapanda, na likifika nyuzi 103 hivi sumaku inapoteza nguvu, springi inasukuma, swichi inaruka kwa mlio wake ule mdogo na chombo kinabaki kuweka chakula moto tu. Hakuna kompyuta humo. Mtangulizi wake, ER-4 ya Toshiba iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1955, alikuwa na ujanja mwingine: masufuria mawili, moja ndani ya jingine, na kikombe cha maji kati yao. Maji hayo yakiisha kwa mvuke baada ya dakika 20 hivi, joto linapanda na kipande cha metali mbili zilizounganishwa kinajipinda na kukata umeme. Aliyekibuni ni Yoshitada Minami, mwenye kiwanda kidogo, na aliyepika wali baada ya wali huku akiandika vipimo ni mkewe Fumiko. Katika miundo yote miwili kazi ni ileile: kushikilia joto la maji yanayochemka ndani ya nafasi iliyofungwa, na kukata kabla chakula hakijaungua. Mwombe fundi akuundie chombo cha kuivisha donge zito la rojo lenye maji bila kuliunguza, naye atakuletea kitu kinachokaribiana sana na hicho.

Hapa wapinzani wanayo hoja ya kweli, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yao pekee yenye uzito. Rojo la pankeki si wali. Halina maji huru ya kuchemka chini ya sufuria. Baada ya dakika kumi au kumi na tano tabaka la chini limeshaganda na kukauka, joto linavuka 103, swichi inaruka, na juu bado kuna uji. Anayefungua na kupakua wakati huo atakula mbichi, na atakuwa na haki ya kulaani. Lakini tatizo hilo lina dawa inayojulikana: chombo kiachwe dakika kadhaa katika hali ya kuweka chakula moto, ili joto lililojikusanya chini lipande, kisha swichi ibonyezwe tena, mzunguko wa pili, wa tatu, hadi kijiti kikichomekwa katikati kitoke kikavu. Video fupi zinazosambazwa huficha jambo hili. Zinaonyesha rojo likimiminwa, mkono ukibonyeza swichi, kisha donge likitikisika juu ya sahani, na mtazamaji anadhani ni bonyezo moja. Lawama hiyo iende kwa wapiga video. Donge lenyewe, likipinduliwa, lina uso wa hudhurungi ulioenea sawasawa kuanzia ukingo hadi ukingo, kama ukoko wa wali uliopikwa na mtu mwangalifu. Ubavuni rangi inafifia kuwa njano, na upande uliokuwa juu ni mweupe, una vitundu vidogo vidogo, unanata kidogo ukiugusa. Upande huo mweupe ndio udhaifu wa chombo, nami siufichi: mvuke hauleti rangi. Ndiyo sababu donge hili hupakuliwa kwa kupinduliwa, chini kukawa juu.

Dai la pili ni kwamba haya yote yamezaliwa na tamaa ya kuonekana. Historia ya Japani inasema vingine. Nyumba nyingi za huko zilijengwa na majiko madogo yasiyo na oveni. Kupika kwao kulisimama juu ya moto wa gesi, chungu na mvuke. Sufuria la umeme liliingia nyumbani mwao katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na mwaka 1957 kampuni ya Morinaga ikaanza kuuza unga uliochanganywa tayari kwa pankeki. Weka vitu hivyo viwili katika jiko moja lisilo na oveni, katika nyumba yenye watoto, kisha uniambie inahitajika video gani ili mtu afikirie kumimina kimoja ndani ya kingine. Hamu ya donge kubwa la kuumuka nayo ilikuwapo kabla ya simu za mkononi. Kitabu cha picha Guri to Gura cha Rieko Nakagawa, kilichochorwa na dada yake na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, kinahusu panya wawili wa porini wanaookota yai kubwa mno, wakalipika kuwa keki ya kujaza kikaango kizima na kuwagawia wanyama wa msituni. Vizazi vya watoto wa Kijapani vimekua na chakula hicho kichwani. Watengenezaji waliliona soko, na leo masufuria kadhaa ya Zojirushi na ya wenzake yana kitufe cha keki kati ya kitufe cha wali na cha uji. Aliyeunda chombo ameshaafiki. Anayekataa ni mtazamaji.

Halafu kuna wanaolinda mipaka: kitu hiki, wanasema, ni keki, msikiite pankeki. Mabishano ya majina sipendi kuyapa nafasi kubwa, lakini hili lina jambo ndani yake. Wanaoweka mpaka huo hawauweki kwingine. Marekani kuna pankeki maarufu iliyopewa jina na mkahawa mmoja wa Seattle mwanzoni mwa karne ya 20, inayopikwa ndani ya oveni hadi kingo zake zikapanda juu ya chuma, na hakuna anayeifukuza katika ukoo. Denmaki wana pankeki za duara kama mpira, zinazopikwa katika chuma chenye mashimo. Austria wanaipika moja nene, wanairarua vipande jikoni, na kuileta mezani ikiwa imechanika. Umbo si kigezo basi, wala chombo, wala kugeuzwa. Kinachozitenga pankeki na keki za kawaida ni rojo: siagi haipigwi na sukari hadi ikawa nyeupe, sukari ni kidogo, maziwa ni mengi, unga unakorogwa kwa haraka na mabuja yake kuachwa, kwa kuwa ukikorogwa mno gluteni inakaza na kitu kinakuwa kigumu. Rojo linaloingia katika sufuria la umeme ni hilohilo. Ninachokubali ni kwamba mlaji hapati kitu kilekile. Pankeki sita nyembamba zina nyuso 12 za hudhurungi. Donge moja lina uso mmoja na ubavu. Anayependa kingo zilizokauka na kuvunjika mdomoni abaki na kikaango chake, hana kosa. Anayetaka ulaini wa ndani, unaoshika asali na kuiachia polepole, amepewa kipande ambacho karibu chote ni ndani.

Msomaji wa pwani atakuwa ameanza kutabasamu, kwa kuwa mjadala huu ulikwisha kwao zamani. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, haukungoja oveni. Mchele unalowekwa, unasagwa pamoja na tui zito, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, kisha rojo linamiminwa ndani ya sufuria lililopakwa samli au mafuta. Sufuria linatelekwa juu ya jiko la mkaa. Matundu yakishajitokeza juu na kingo zikaanza kushika, mfuniko unawekwa na makaa yanapaliwa juu yake, chini ukibaki moto mdogo. Mpishi anapima kwa pua na kwa sikio. Sasa sufuria hilo ni lipi? Ni lile lile la wali. Na kupalia makaa juu ya mfuniko ni kazi ileile inayofanywa wali wa nazi unapokaukia, ili joto lishuke kutoka juu na punje za juu ziive sawa na za chini. Kwa Mombasa, Lamu na Unguja, chombo cha wali na chombo cha mkate vimekuwa kimoja kwa vizazi, na hakuna aliyeambiwa anafanya mzaha. Wala si mkate huo peke yake: keki ya mayai ya nyumbani, ile ya Idi na ya harusi za mtaani, ilipikwa katika sufuria na mkaa juu na chini kabla ya oveni kuwa kitu cha kununuliwa dukani, na mahali pengi bado inapikwa hivyo. Kitu ambacho sufuria la umeme linakosa mbele ya sufuria hilo la mkaa ni moto wa juu, nao ndio unaoleta rangi. Hilo ni pungufu halisi, na linasemwa na watu wanaojua wanachosema. Ni tofauti sana na kusema kwamba sufuria la wali halina haki ya kuingiziwa rojo.

Inabaki saa moja. Pankeki za kikaango ziko mezani baada ya dakika ishirini, wanasema, wewe unangoja saa nzima kwa donge moja. Hesabu hii inahesabu saa ya ukutani na kusahau miguu ya mpishi. Pankeki 12 katika kikaango kinachobeba tatu ni raundi nne, na katika raundi zote nne kuna mtu aliyesimama, mwiko mkononi, akigeuza, akipaka mafuta, akipunguza moto. Wa kwanza kula anakula za moto, na aliyepika anakaa mezani wenzake wakifuta midomo. Donge la sufuria la umeme linataka mkono dakika kumi za kukoroga na sekunde chache za kubonyeza swichi kila inaporuka. Muda uliobaki mpishi yuko kwenye shughuli nyingine, au amekaa. Kisha linakatwa na wote wanakula kwa wakati mmoja. Sufuria la Minami lilinunuliwa Japani kwa sababu hiyohiyo hasa: lilimwondoa mke mbele ya jiko la kuni alfajiri, alikokuwa akilinda moto ili wali usiungue. Walikuwapo waliosema kwamba mwanamke anayelala wakati wali unapikwa ni mvivu. Anayeona aibu leo kwa mtu kuacha pankeki ijiivie chumba cha pili anaendeleza kauli hiyo, tofauti ni kwamba siku hizi inavaa aproni ya ubingwa.

Umeme nao una la kusema. Sufuria la wali la nyumbani huvuta wati 400 hadi 700. Likiwaka saa nzima bila kukata, ambavyo halifanyi, linakula kati ya uniti 0.4 na uniti 0.7. Oveni ya umeme ya wati 2,000 inapashwa kwanza ikiwa tupu, kisha inashikilia joto kwa dakika 40 katika sanduku kubwa kuliko keki mara nyingi, na inapita uniti moja kwa urahisi. Kwa anayenunua umeme wa LUKU kwa shilingi elfu mbili mbili, tofauti hiyo si ya kitabuni. Tena Tanzania ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nyumba inayohama kutoka kwenye mkaa hainunui vyombo vitano kwa mpigo, inanunua kimoja. Ikiambiwa chombo hicho ni cha wali tu, mkaa utabaki uani kwa ajili ya mkate, keki na pankeki, na gunia litaendelea kununuliwa. Anayehubiri kwamba kila chakula kina mashine yake anazungumza kutoka katika jiko lenye kabati nyingi.

Kuhusu heshima ya chombo kwa kusudi lake, nitasema kwa ufupi. Denis Papin alipoonyesha chungu chake cha mgandamizo mjini London mwaka 1679, sifa yake kubwa ilikuwa kulainisha mifupa. Leo kinapika maharagwe. Maikrowevu ilitoka katika kazi za rada za kampuni ya Raytheon, ambako Percy Spencer aliomba hataza ya kupika kwa mawimbi mwaka 1945. Na sufuria la wali lenyewe lilipata mtetezi asiyetarajiwa, Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, ambaye mwaka 2010 alitoa kitabu kizima cha kulisifu kwa supu, uji wa shayiri na mchuzi, wakati yeye mwenyewe alikuwa hawezi tena kula kwa mdomo baada ya upasuaji wa saratani. Mtu asiyekula hana picha ya kujipigia.

Lakini utetezi huu una mipaka, na bila mipaka ungekuwa upuuzi wa upande wa pili. Sisemi kila kinachotoa joto kinafaa. Kibaniko cha mkate kilicholazwa ubavu kikajazwa rojo ni moto unaosubiri kuwaka, kwa kuwa waya zake ziko wazi na siagi inashuka. Birika la umeme litaunguza rojo chini na kuharibika. Maikrowevu inaivisha donge kwa dakika chache, kweli, ila inaliivisha bila rangi na kulifanya likaze likipoa. Chungu cha mgandamizo ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: rojo likiumuka hadi kwenye tundu la mvuke na kuliziba, mgandamizo hauna pa kutokea, kwa hiyo rojo lisimiminwe moja kwa moja humo, liwekwe katika bakuli dogo lililofunikwa, juu ya maji, na wingi wake uwe kidogo. Hata katika sufuria la wali lenyewe kuna tabia moja ya kulaaniwa, nayo ni kufunga swichi kwa mpira au kuikandamiza kwa kitu kizito ili isiruke. Kubonyeza tena baada ya kuruka ni jambo jingine. Hapo kinga inafanya kazi kila mzunguko. Kuifunga ni kuiondoa kinga, na sahani ya joto itapanda bila kikomo hadi fyuzi ya ndani ikatike, kama ipo na kama ni nzima. Utando wa kuzuia kushika nao unachunwa na kisu, kwa hiyo donge lipinduliwe, lisikatiwe humo. Haya ni makosa ya mtumiaji, na wapinzani wangetusaidia zaidi kama wangeyasema, badala ya kubishana juu ya kitu gani kinaruhusiwa kuitwa pankeki.

Wa kusukumwa kwa kweli ni watengenezaji. Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi kimechapwa kwa lugha nyingi, kina picha ya wali mweupe unaofuka, na hakimwambii mnunuzi swichi inakata kwa nyuzi ngapi, sahani ya chini inafika nyuzi ngapi, wala chombo kinavumilia kubonyezwa tena mara ngapi kabla ya kupumzishwa. Masufuria ya bei ghali yamepewa kitufe cha keki na kurasa za mapishi. Ya bei nafuu, ambayo ndiyo yaliyojaa Kariakoo na maduka ya Mombasa, yameachiwa wali na kimya, ingawa ndani yake kuna sahani ya joto na mfuniko vilevile. Kuchapa namba hizo tatu hakuongezi hata senti kwenye gharama ya sumaku na springi. Hadi zitakapochapwa, kiasi cha kuanzia ni rojo lisilozidi theluthi moja ya sufuria la ndani: likiumuka linakaribia mara mbili, na nafasi inayobaki juu ni ya mvuke.